Mkono wa Kupokelea Kibuyu

Jina mlilokuwa mkiniita nyuma ya mlango wa stoo ninalijua. Mama Mapovu. Nimelisikia miaka yote na kujifanya sisikii, kwa sababu ningegeuka kuwagombeza, lazima mngeniuliza kama ni uongo. Sasa nimestaafu, nimekaa nyumbani Mudzipela, hapa Bunia, na kuku ambao hawahitaji ushauri wangu, na ninyi vijana wa atelye, karakana yetu, mmenitumia ujumbe niandike jinsi nilivyofanya kazi, ili wanaokuja wasirudie makosa. Mngesema tu "andika makosa yako," tungeelewana haraka zaidi. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika juu ya silikoni, resini, na mkono mmoja wa kushoto ulionisumbua kuliko mingine yote.

Huenda karatasi hii ikamfikia mtu asiyetujua, basi nianze na kazi yenyewe. Atelye yetu iko mtaa wa Lumumba, nyuma ya kituo cha afya, na tunatengeneza miguu na mikono ya bandia. Wenzangu walishika miguu, mimi nikapewa mikono. Mikono yetu haichezi wala haishiki kitu kwa nguvu zake. Inajaza shati, inakandamiza karatasi mezani, inamtoa mtu nje ya macho ya watu. Tunamchukua ndugu wa mgonjwa, anazamisha mkono wake katika uji mzito wa ule unga ambao madaktari wa meno hutumia kupima meno, uji unaganda, anatoa mkono. Pale palipobaki wazi tunamimina plasta, tunapata mkono mweupe wa plasta. Huo tunauzungushia silikoni, ikiganda inakuwa kalibu laini kama mpira. Tunautoa mkono wa plasta, tunamimina resini ndani ya kalibu, na mkono wa bandia unazaliwa. Ukisoma hivi utadhani ni kazi ya asubuhi moja. Mimi pia nilidhani hivyo.

Siku ya kwanza niliingia atelye na diploma yangu ya taifa ya bio-chimie, yaani bayolojia na kemia, nikaitaja kabla sijaulizwa jina. Muzee Anselme, fundi aliyenifundisha kila ninachokijua, alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi akifuta kalibu kwa kitambaa. Alinitazama, akatazama ndoo ya resini, akauliza kwa upole kabisa, "Bio-chimie iko mule mu ndoo?" Nikacheka nikifikiri ni mzaha. Haukuwa mzaha, lilikuwa ni swali.

Alinionyesha jinsi ya kuweka dawa ya kugandisha: kidogo sana, kwa bomba la sindano, bila haraka. Kisha akaenda kunywa chai. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, mvua imenyesha, na resini yangu ilikaa tu kwenye sufuria kama mgeni asiyetaka kuaga. Bio-chimie ikaniambia kwamba kama dawa kidogo inagandisha polepole, dawa nyingi itagandisha upesi. Na kweli, iligandisha upesi. Sufuria ikapata moto yenyewe, ikatoa moshi, na harufu yake ikawafikia akina mama waliokuwa wakingoja chanjo upande wa pili, wakatoka nje na watoto wao wote. Muzee Anselme aliporudi alishika mpini wa upawa niliokorogea, akaunyanyua, na sufuria nayo ikanyanyuka. Akaipima uzito mkononi.

"Sasa tuko na nyundo," akasema, akaitundika ukutani. Wengi wenu mmepigilia misumari kwa nyundo hiyo bila kujua ilianzaje.

Baada ya hapo yakaja mapovu. Nilikuwa nakoroga resini kama mtu anayepiga mayai, kisha naimimina yote kwa mara moja, halafu nashangaa mkono unatoka na matundu kama uliliwa na fukusi. Muzee alinishika kiwiko akanifundisha kukoroga polepole, mwiko ukigusa chini muda wote, bila kuinua hewa. Akanifundisha kumimina uzi mwembamba kutoka juu, mahali pamoja, na kuiacha resini itafute njia yake. Povu likija juu, alilipuliza kwa bua la jani la papai, nalo likapasuka. Mimi nilipuliza kwa nguvu, resini ikanirukia kwenye nyusi. Kwa muda fulani nilikuwa na unyusi mmoja tu, na mume wangu, ambaye ni mtu wa heshima, hakuniuliza kitu.

Lakini fedheha kubwa ilikuwa ya silikoni isiyoganda. Ilitokea nilipokuwa tayari najiona fundi. Nachanganya vizuri, nazungushia mkono wa plasta, nangoja, nafungua, na ndani pale palipogusa plasta pananata kama asali. Nililaumu mvua. Nililaumu plasta kuwa mbichi, nikaianika mpaka ikapasuka. Nilimlaumu dereva anayetuletea mizigo kutoka Kampala kwamba ameacha ndoo juani. Nilimlaumu hata jirani mmoja aliyekuja kuazima vazelini, nikasema ana mkono mbaya. Mwishowe nikalipeleka jambo kwenye kwaya yetu, tukafunga na kuomba.

Wiki ile silikoni ikaganda, safi, kavu, inang'aa. Jumapili nikasimama mbele ya kanisa lote nikatoa ushuhuda. Watu wakapiga makofi. Jumatatu nikarudi kazini, nikachanganya, ikanata.

Muzee Anselme alikuja akasimama mbele yangu. Hakutazama kalibu, alitazama mikono yangu.

"Vua," akasema.

Nilikuwa nimevaa glavu za mpira za kituo cha afya. Wiki ya ushuhuda glavu zilikuwa zimeisha, nikafanya kazi mikono mitupu. Ndiyo hiyo siri yote, na nawaomba muikumbuke kuliko jina langu: mpira wa glavu zile hauelewani na silikoni yetu. Ukiigusa nazo, au ukiugusa mkono wa plasta nazo kabla ya kumimina, haigandi pale ulipogusa. Tumieni glavu za plastiki, au naweni mikono mfanye bila kitu. Kuhusu ushuhuda wangu, nilimuuliza pasta kama naweza kuurekebisha. Akaniambia kutoa ushuhuda ni rahisi kuliko kuurudisha, tuuache hivyo hivyo. Basi mpaka leo kuna watu wazuri hapa Bunia wanaoamini kwamba Mungu aligandisha silikoni yangu, na sitaki muwaambie vingine.

Muzee Anselme alipopumzika kazi aliniachia meza, kiti kifupi na woga wa mapovu. Huo woga nikautengenezea sheria. Mikono yote ya atelye ikawa ya aina moja: vidole vimenyooka, mkono unaning'inia. Mkono ulionyooka ukiuelekeza vidole chini, resini inashuka mpaka ncha za kucha na hewa inapanda kwenye kifundo, inatoka. Hakuna mahali pa povu kujificha. Wagonjwa waliondoka na mikono kama ya askari kwenye gwaride, na mimi nikalala usingizi.

Ndipo akaja Neema. Alikuwa binti anayeuza maharagwe soko la Mudzipela. Mkono wake wa kushoto ulikatwa alipokuwa msichana kule Iga Barrière, mkanda wa mashine ya kusaga muhogo ulipomvuta. Alikuwa amekwisha kuzoea. Alifunga kitenge kwa meno na mkono mmoja upesi kuliko mimi na miwili. Hakuwahi kutaka mkono wa bandia. Siku ile aliutaka, kwa sababu alikuwa anaolewa.

"Naolewa na Justin," akaniambia. "Sasa, mama, kule kwabo, siku ya kuingiza bibi..."

"Usiendelee, mwanangu," nikamkatiza. "Nimeelewa."

Sikuwa nimeelewa kitu. Nilisikia neno naolewa, nikaona pete, kidole cha pete, picha, na watu wakiuliza nani katengeneza mkono mzuri hivi. Kama ningenyamaza angeniambia alilokuja kuniambia. Justin alitoka katika familia ya wafugaji, na katika familia ile mama wa bwana harusi humtolea bibi harusi kibuyu cha maziwa mbele ya watu wote. Bibi harusi hupiga magoti, akakipokea kwa mikono miwili, akanywa, na tangu hapo ni mtoto wa nyumba ile. Kupokea kwa mkono mmoja ni dharau, hata watoto wadogo kwetu hupigwa kofi kwa kupokea muhindi wa kuchoma hivyo. Na shangazi zake Justin walikuwa wameshaanza kuulizana huyu binti wa maharagwe atapokeaje. Yote hayo Neema aliyameza, kwa kuwa mimi nilikuwa nimekwisha kuita, "Dada yako yuko wapi? Nataka mkono wake wa kushoto."

Dada yake, Dorcas, alikuja na simu. Alizamisha mkono kwenye uji, nikamwambia asitikisike, na simu ikaita. Akaipokea kwa mkono wa kulia na kuanza kumweleza mtu bei ya mafuta ya mawese, na mkono wa kushoto nao ukawa unaeleza ndani ya ndoo. Plasta ilitoka na vidole kama tangawizi. Tukarudia, safari hii simu nikaikalia.

Mkono uliotoka katika kalibu ile, wenzangu, ulikuwa kazi yangu bora. Hata povu moja hakuna. Mistari ya kiganja ilionekana, kovu dogo la Dorcas la mafuta ya kukaangia lilionekana. Rangi niliichanganya mwenyewe, kwa sababu ndoo iliyoandikwa "rangi ya ngozi" inayotoka ng'ambo ina rangi ya ngozi ya mtu ambaye hajawahi kupita Mudzipela. Nikauweka dirishani. Nikawaita mafundi wa miguu waje waone. Nikavua pete yangu ya ndoa nikauvisha, nikarudi hatua nyuma, nikautazama. Nasikitika kusema nilikuwa hivyo hivyo, nikiutabasamia mkono, Neema alipoingia.

Nikamfunga mikanda. Akanyoosha mikono yote miwili mbele, kiganja cha kulia kimekunjika kama bakuli, cha kushoto kimenyooka kama ubao.

"Mama, huu mukono iko muzuri sana," akasema. "Lakini iko ya kusimamisha motari wa pikipiki ku barabara."

Dorcas alicheka mpaka akashika meza. Mafundi wa miguu nao, ambao nilikuwa nimewaita mwenyewe. Neema hakucheka. Alichukua kopo tupu la rangi mezani, akajaribu kulipokea kwa mikono miwili, likateleza juu ya ule ubao, likaanguka na kubingirika mpaka mlangoni. Ndipo akanieleza habari ya kibuyu, nami safari hii nikanyamaza.

"Na pete?" nikauliza mwishoni, kwa sauti ndogo.

"Pete itakaa ku mukono ya kuume, pasta alishakubali. Haiko pete, mama. Bashangazi wanasema, kama hawezi kupokea, amutume dada yake apokee. Sasa ni nani anaolewa, mimi ao Dorcas?"

"Na mama mukwe anasema nini?"

"Hajasema kitu. Njo hiyo inaniogopesha."

Machozi yalimlenga. Nilisikia aibu mpaka kwenye masikio. Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, mimi nimetumia siku zake kutengeneza kitu cha kujitazamia.

Kuanza upya kulitaka silikoni, na silikoni iliyobaki haikufika nusu ya kalibu. Mzigo mwingine ulikuwa kwenye lori, na lori lilikuwa kwenye matope. Ilibidi nikumbuke jambo ambalo Muzee Anselme alinionyesha na mimi nikaliona la kimaskini: silikoni iliyoganda, kama ni safi, unaweza kuikata vipande ukaitumbukiza katika silikoni mbichi ya aina ile ile, zikashikana zikawa kitu kimoja. Kwa hiyo nikachukua kalibu ya mkono wangu bora, ile isiyo na povu, nikaikata kama viazi vya mchuzi. Fundi mmoja wa miguu aliniuliza kama nataka anisaidie. Nikamwambia aniache, mtu humzika wake mwenyewe.

Dorcas akaja tena, simu ameiacha kwao kwa hiari yake. Nilimpa kibuyu akishike kwa mikono miwili kama anapokea, nikamwambia auzoeze mkono, kisha nikakitoa taratibu na mkono ukabaki umekunjika vile vile, ukazama kwenye uji. Mkono wa plasta ulitoka kama wa mtu anayekinga maji ya mvua. Ulikuwa mzuri, nami nikaugeuza nikiutafutia pa kumiminia. Vidole vilikuwa vimejikunja kuelekea juu. Ukimimina resini kwenye kifundo, hewa itapanda kwenye ncha za vidole na kukaa humo, kila kidole na povu lake. Kila kitu nilichokikimbia kwa sheria yangu kilikuwa kimekusanyika mahali pamoja.

Dawa yake ni matundu ya kutolea hewa. Nilichukua spoku za gurudumu la baiskeli, nikazipaka vazelini, nikazisimamisha juu ya kila ncha ya kidole kabla ya kumimina silikoni. Silikoni ilipoganda nikazichomoa, zikaacha njia. Mikono mitupu, imeoshwa, nawahakikishieni. Ikaganda kavu.

Resini ya kwanza nilimimina asubuhi, ikatoka bila ncha ya kidole cha shahada wala ya kidole cha mwisho. Nilikuwa nimeweka spoku kwenye kucha, wakati mahali pa juu kabisa palikuwa nyuma kidogo ya kucha. Hewa haikai pale unapoona wewe ni juu, inakaa pale palipo juu kweli. Nikanoa spoku, nikatoboa upya. Na sikumimina asubuhi tena. Kwa baridi yetu ya Bunia resini ya asubuhi ni nzito, povu likiingia halitoki. Nikaliweka kopo la resini nje ukutani, kwenye jua, mpaka likapata uvuguvugu, ndipo nikaweka dawa ya kugandisha, kidogo kuliko kawaida, kwa kuwa joto nalo linagandisha. Uzi mwembamba, kutoka juu, mahali pamoja. Nikaigeuzageuza kalibu kama mtoto anayebembelezwa. Resini ikachungulia katika tundu moja, kisha jingine, mpaka vidole vyote vikawa vimejibu.

Nilipofungua, kulikuwa na povu moja tu, katikati ya kiganja. Nililiziba kwa tone. Lakini Neema alipojaribu kibuyu, kikateleza, maana resini kavu ni laini kama sahani. Ilinibidi nipake silikoni kidogo ndani ya kiganja ili kishike, na silikoni haigandami juu ya resini, inabanduka kama ngozi ya ndizi. Inahitaji mahali pa kuingia na kujishikiza. Basi nikachukua keekee ndogo, nikatoboa vitundu kiganja kizima. Mimi. Miaka yangu yote nimepigana na vitundu, na kazi ya mwisho ya maana niliyoifanya ni kuvitengeneza kwa makusudi. Mafundi wa miguu walikuja kutazama bila kuitwa.

Jumamosi nilikwenda harusini nimevaa kofia. Nikawekwa katikati ya shangazi zake Justin, na mmoja akaniinamia bila kujua mimi ni nani.

"Ule mukono atafanya nayo nini? Iko ya bongo, ya uongo tu."

Nikaivuta kofia yangu mpaka kwenye macho.

Neema alipiga magoti kwenye jamvi, akanyoosha mikono. Mama yake Justin akatoka ndani na kibuyu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, na uso wake haukusema lolote. Kibuyu kilikuwa kimejaa mpaka mdomoni. Hakuna aliyenieleza kwamba kitajaa hivyo. Nilipima kwa kibuyu kitupu, kama mjinga. Akakitua katika viganja vyote viwili, akaachia. Sikumtazama bibi harusi, nilitazama kidole gumba cha kushoto. Kilishika. Neema akainua, akanywa, na maziwa yakayumba, yakamwagika, yakatiririka juu ya mikono yote miwili.

Mama mukwe alikichukua kibuyu akampa Justin. Akafungua ncha ya kitenge chake, akaushika mkono wa kulia wa Neema akaupangusa. Kisha akaushika wa kushoto. Akaupangusa vile vile, kidole kwa kidole, na katikati ya vidole ambako maziwa huganda, na kiganja, na kifundo, kama mtu anayemfuta mtoto aliyetoka kula. Kisha, akiwa bado ameushika huo wa kushoto, akaanza kumnyanyua.

"Mama, usivute!" nikasema. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu, shangazi wote wakageuka. Mikanda ile nilikuwa nimeikaza kwa ajili ya kubeba kibuyu, si mwanamke mzima.

Hakuvuta. Aliinama, akamngoja Neema asimame kwa miguu yake mwenyewe, kisha wakatembea pamoja kuelekea nyumbani, wakipita mbele ya shangazi, na hakuuachia ule mkono mpaka walipoingia ndani.